Mwacheni Avae Hereni Zake

Kuna kauli inayozunguka mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kavimvira mpakani hadi Kalundu bandarini, na wanaoitoa huitoa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Inasema kwamba msichana anayependa kusuka meshi, kupaka rangi kucha na kukariri nyimbo za Zuchu na Innoss'B hawezi kuwa mtu wa sataranji. "Akili yake yote iko ku nywele," wazee husema, na mama zetu huitikia, na kuna walimu wanaosema hayohayo kwa Kifaransa kizuri zaidi. Kauli hiyo ina ndugu yake mwenye adabu, anayependwa na watu waliosoma: kwamba msichana akitaka kuheshimiwa katika mchezo wa akili, kwanza aache mapambo. Avae kiasi, apunguze habari za filamu na muziki, na hapo ndipo tutakapomtazama anavyosogeza kete.

Nazipinga zote mbili, ya mtaani na ya wasomi. Zote zinadai kwamba umakini una sura yake, na kwamba sura hiyo msichana hana. Historia ya sataranji inazikataa, na historia ya Kongo inazikataa kwa sauti kubwa zaidi.

Mchukueni Bobby Fischer wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, ambaye wapenzi wa mchezo huu hawachoki kumtaja. Januari 1962 jarida la Harper's lilichapisha mahojiano aliyoyafanya akiwa kijana wa miaka 18. Humo alisema kwamba wanawake wote ni dhaifu katika sataranji, na kwamba angeweza kumpa mwanamke yeyote farasi mmoja wa bure kabla mchezo haujaanza na bado akamshinda. Maneno hayo yamerudiwa kwa zaidi ya miaka 60. Yasiyorudiwa ni maneno yake mengine katika mahojiano yaleyale, alipojisifu kwa nguo zake: alikuwa na suti 17, zote zimeshonwa kwa kipimo chake. Alieleza kwamba zamani alikuwa akivaa ovyo, akaona watu hawamheshimu, ndipo akaamua kujipamba awaonyeshe kwamba hawamzidi kitu. Basi huyo ndiye shujaa wa umakini, kijana aliyehesabu suti zake mbele ya mwandishi wa habari. Hakuna mwalimu aliyesema akili yake yote iko kwenye suti. Aliposhinda, suti zilikuwa dalili ya kipaji. Angekuwa msichana wa mtaa wetu wa Kimanga mwenye magauni 17, yangekuwa dalili ya upungufu.

Wala Fischer hakuwa peke yake. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa kuanzia 1921 hadi 1927, alisifika kwa unadhifu kama alivyosifika kwa mchezo. Magnus Carlsen wa Norwei, mwaka 2010, alipiga picha za matangazo ya kampuni ya jinzi ya G-Star pamoja na mwigizaji Liv Tyler, kisha akaendelea na safari iliyomfikisha kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2013. Mwanamitindo na bingwa wakaishi katika mwili mmoja bila kugombana.

Huyohuyo Carlsen ndiye aliyetufunulia jinsi sheria za mavazi zinavyofanya kazi. Desemba 2024, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa haraka huko New York, alifika na suruali ya jinzi. Shirikisho la dunia, FIDE, likamtoza faini ya dola 200 na kumtaka akabadilishe. Akakataa, akajitoa. Siku chache baadaye shirikisho lililegeza kanuni, jinzi nadhifu zikaruhusiwa na koti juu, naye akarudi kucheza mashindano yaliyofuata akiwa na jinzi zake. Baadaye suruali ile iliuzwa kwa mnada wa hisani kwa zaidi ya dola 36,000. Mwaka mmoja kabla yake, Desemba 2023, huko Samarkand, mchezaji wa Uholanzi Anna-Maja Kazarian alitozwa euro 100 kwa sababu maofisa waliviita viatu vyake raba. Kwa viatu vyake kanuni haikulegezwa. Adhabu ilimwangukia kila mmoja wao, nalikubali hilo. Ninachotaka kionekane ni kwamba vazi la mwanamume liliwafanya wakubwa waketi kuipitia upya sheria, na vazi la mwanamke lilimfanya afungue pochi.

Lakini faini ni jambo dogo. Kubwa ni macho. Januari 2024 binti wa Kihindi, Divya Deshmukh, akiwa na miaka 18, alitoka kwenye mashindano ya Wijk aan Zee huko Uholanzi, akaandika hadharani kwamba watazamaji walikuwa wakizungumzia nguo zake, nywele zake na lafudhi yake kuliko michezo aliyoicheza. Alisema alikuwa ameridhika na baadhi ya michezo ile, na hakuna aliyeiuliza. Tazameni jinsi mtego unavyotegwa. Watazamaji wenyewe ndio walioziangalia nguo. Kisha watazamaji haohao huweza kugeuka na kusema msichana ndiye anayefikiria nguo. Julai 2025, huko Batumi, Georgia, Divya alimshinda Koneru Humpy katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake na papo hapo akapata cheo cha grandimasta, kilicho cha juu kabisa katika mchezo huu, akiwa na umri wa miaka 19. Nywele zilikuwa zilezile.

Sasa turudi Kongo, maana hapa kwetu ndipo unafiki unapovaa koti la bei. Nchi hii imeufanya upambaji wa mwanamume kuwa falsafa. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, aliwafundisha vijana wa Kinshasa kwamba usafi wa kola na mng'ao wa kiatu ni nidhamu ya nafsi. La Sape, harakati ya hao wavaaji nadhifu waitwao sapeur, imeandikiwa vitabu, imepigwa picha na wapiga picha wa Ulaya, imejadiliwa vyuoni kama jibu la mtu mweusi kwa dharau ya mkoloni. Nakubaliana na mengi ya hayo. Mtu anayekanyaga tope la Matonge na viatu vya J.M. Weston, bila doa, anatumia hesabu, subira na ujasiri, na anasema jambo juu ya heshima yake. Ila nauliza: binti wa mtaa wa Mulongwe anayevuka tope kama lile na kikwembe kilichopangwa rangi kwa rangi na kilemba chake, yeye anasema nini? Kwake falsafa imekwenda wapi? Tunamwita sapeur msanii, tunamwita binti mtupu. Mkuki kwa nguruwe.

Na mama zetu, ambao leo ndio wakali zaidi, nawakumbusha kwa heshima zote miaka ya 1980. Walimtazama Mbilia Bel alivyosuka, wakasuka hivyo. Walimtazama alivyofunga kikwembe, wakafunga hivyo. Walizijua nyimbo zake na za Tabu Ley mwanzo hadi mwisho. Na wanawake haohao, sarafu ya zaire ilipoporomoka miaka ya 1990 kiasi kwamba noti ya asubuhi ilikuwa karatasi jioni, ndio walioshikilia nyumba za mji huu. Walivuka Kavimvira kwenda Gatumba na Bujumbura na ndagala, mafuta ya mawese na vitambaa, wakahesabu kichwani kwa faranga za Burundi, zaire na dola, bei ikibadilika huku mteja amesimama. Kila hatua ilihitaji kuona hatua mbili mbele: nikinunua leo kwa dola, nitauza kesho kwa faranga zenye thamani gani? Hakuna aliyewaambia wavue hereni ndipo hesabu zitoke sawa. Wanaofanya biashara hiyo leo, wakiwa na rangi ya mdomo na simu mbili mkononi, hawatofautiani nao. Mji unaolishwa na akili za wanawake waliojipamba una ujasiri gani wa kusema pambo linafukuza akili?

Wapinzani wangu wana hoja ya pili, nayo ni kuhusu filamu. Wanasema wasichana wa siku hizi wakiomba ubao wa sataranji, wameusikia kwenye tamthilia tu. Waliona The Queen's Gambit iliyotoka Oktoba 2020, wakapenda makoti ya Beth Harmon, mhusika wake mkuu, na macho ya Anya Taylor-Joy aliyemwigiza, na kesho watapenda kitu kingine. Mapenzi ya aina hiyo, wanasema, si mapenzi ya mchezo.

Kwani kuna mlango upi ulio halali? Mtoto wa kiume aliyeingia kwenye mpira kwa sababu ya kiduku cha mchezaji fulani haulizwi kama mapenzi yake ni safi. Anapewa mpira. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, bingwa tunayemwonyesha watoto wetu wote, hakuingia sataranji kwa kupenda sataranji. Alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akifundisha watoto wa mtaa ule wa mabanda, na kilichomvuta kilikuwa bakuli la uji. Uji ule haukumzuia kwenda Khanty-Mansiysk, Urusi, kuichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010, wala kurudi kutoka Istanbul mwaka 2012 na cheo cha shirikisho la dunia, yeye na mwenzake Ivy Amoko, wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo katika mchezo huu. Ikiwa njaa ni mlango unaokubalika, kwa nini koti zuri kwenye skrini lisikubalike?

Nitasema zaidi juu ya Phiona, maana jina lake ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote katika mabishano haya. Kila ninapotetea hereni, mtu hunijibu: tazama yule binti wa Katwe, hakuwa na muda wa mapambo. Kwanza, umaskini haukuwa uamuzi wake. Alizaliwa mahali ambapo mama yake alihangaika ili watoto wale, na kukosa kitu si kukikataa. Pili, na hapa ndipo moyo wangu unapowaka, picha ya msichana maskini aliyeinama juu ya ubao, miguu pekupeku, imekuwa nayo sare. Wafadhili wanaipenda. Magazeti ya nje yanaipenda. Inamruhusu msichana wa Afrika kuwa na akili kwa sharti moja, aendelee kuonekana wa kuhurumiwa. Siku atakapotokea na kucha ndefu na miwani ya jua, hadithi inaharibika, na wale waliokuwa wakitokwa machozi wanaanza kuuliza pesa za mapambo amezipata wapi. Mimi simtaki msichana wa Uvira achague kati ya kudharauliwa kwa kupendeza na kupendwa kwa kuhurumiwa. Mira Nair alipotengeneza filamu ya Queen of Katwe mwaka 2016, alifanya jambo ambalo wengi hawakuliona: alimpa mama wa Phiona, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, na mtaa mzima wa Katwe, rangi. Magauni yanameta, vitambaa vinagombana vizuri machoni, watu maskini wamevaa kama watu wanaojipenda. Ndivyo tulivyo. Anayeijua Uvira siku ya harusi, au Jumapili asubuhi watu wakielekea kanisani na mashati yamepigwa pasi ya mkaa, anajua kwamba hakuna uongo katika rangi zile.

Na hao wanaoingia kwa mlango wa filamu hawabaki mlangoni. Mpenzi wa kweli wa tamthilia huuliza: hii ilitokea? Huyu ni nani hasa? Katika tamthilia ile ya 2020 kuna mahali Nona Gaprindashvili wa Georgia anatajwa kwa jina na kusemwa kwamba hajawahi kucheza na wanaume. Ulikuwa uongo mtupu. Nona, bingwa wa dunia wa wanawake kuanzia 1962 hadi 1978 na mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandimasta, alikuwa amekutana na wanaume kadha wa kadha kufikia mwaka ambao hadithi ile imewekwa. Mwaka 2021, akiwa na miaka 80, aliishtaki Netflix, kampuni iliyoitoa tamthilia ile, na mwaka 2022 pande mbili zikaafikiana. Msichana aliyeanza kwa kulipenda koti la Beth anaweza kumaliza kwa kumjua Nona, na akimjua Nona atamfikia Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa wanawake mwaka 1927. Mwaka 1929 huko Karlovy Vary, mwanamume mmoja, Albert Becker, alitangaza kwa dhihaka kwamba yeyote atakayefungwa na Vera aandikwe katika chama chenye jina la mwanamke huyo. Becker mwenyewe akafungwa. Baada yake wakaingia wengi, akiwemo Max Euwe, ambaye mwaka 1935 alikuwa bingwa wa dunia. Njia hiyo yote imeanzia kwenye kioo cha simu. Anayeicheka njia hiyo atuonyeshe yake imefika wapi.

Sitetei uongo upande wangu. Kukariri nyimbo za Innoss'B hakumfundishi mtu ufunguzi wa Kisisilia. Wanasaikolojia William Chase na Herbert Simon walionyesha mwaka 1973 kwamba mabingwa hukumbuka vizuri kete zilizopangwa kama zinavyotokea mchezoni, lakini zikitawanywa ovyo hawamzidi sana mgeni wa mchezo. Maana yake ni kwamba ustadi wa sataranji hutokana na sataranji yenyewe, saa nyingi sana za ubaoni. Ninachosema ni kwamba saa hizo zinahitaji mtu anayejua kupenda kitu hadi undani wake, na wasichana wetu wamekwisha kuonyesha kwamba wanajua. Aliyekaa kwenye kigoda tangu asubuhi hadi alasiri akisukwa, shingo imekakamaa, bila kulalamika, ana subira ileile inayodaiwa na mchezo wa saa nne. Tatizo lipo kwingine.

Nalo tulitazame, maana kelele za hereni kazi yake ni kulificha. Hadi mwaka 2025 wanawake wenye cheo cha grandimasta walikuwa hawajafika 50, kati ya watu zaidi ya 2,000. Wengi husema hesabu hiyo inatosha, kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2009 Merim Bilalić na wenzake walichunguza wachezaji zaidi ya 120,000 wa Ujerumani, wakalinganisha wanaume bora 100 na wanawake bora 100, wakapata kwamba asilimia 96 ya pengo ilielezwa na jambo moja tu: wanaume wanaocheza ni wengi mno kuliko wanawake. Ukiwa na kapu kubwa, kilele chake kitakuwa juu zaidi. Kuna watafiti waliobishana na hesabu hiyo baadaye, lakini hakuna katika mabishano yao yote aliyeitaja rangi ya kucha.

Utafiti mwingine unatuhusu zaidi. Mwaka 2008 Anne Maass na wenzake nchini Italia waliwapanga wanaume na wanawake wenye kiwango sawa wacheze kwa njia ya intaneti. Mwanamke alipoambiwa anacheza na mwanamume na kukumbushwa kwamba wanaume ndio mabingwa, matokeo yake yalianguka kwa karibu nusu. Alipodanganywa kwamba mpinzani ni mwanamke, akacheza sawasawa na mwanamume yule, na mtu aliyekaa upande wa pili alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni maneno yaliyotangulia. Yafikirieni basi maneno tunayomtanguliza nayo msichana wa Uvira: mtupu, mwenye kupenda mambo ya dunia, akili iko ku nywele. Tunampunguzia mchezo kabla hajagusa kete, kisha tunaleta matokeo kuwa ushahidi.

Judit Polgár wa Hungaria alikulia katika nyumba ambamo maneno hayo hayakuruhusiwa kuingia. Desemba 1991, akiwa na miaka 15 na miezi minne, alipata ugrandimasta na kuivunja rekodi ya umri iliyokuwa ya Fischer, yuleyule wa suti 17 na farasi wa bure. Mwaka 2002 alimshinda Garri Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, ambaye naye aliwahi kuudharau uwezo wa wanawake hadharani.

Kwetu kuna kitu kingine kinachokula saa za ubaoni, nacho ni maji. Uvira ni mji ambao kipindupindu hakiuhami, bomba likitoa leo kesho halitoi, na anayetumwa na bidoni ni msichana. Kaka yake, saa hizohizo, yuko chini ya mwembe anacheza dama kwa vifuniko vya chupa za bia na soda, mtu mzima pembeni akimwelekeza jinsi ya kula tatu kwa mpigo. Msichana akirudi kutoka bombani kuna sombe la kutwanga, kuna mdogo wake wa kubeba mgongoni. Mvulana anafika jioni na michezo kumi kichwani, msichana anafika na mikono iliyochoka. Kisha tunawakalisha wakabiliane, msichana anafungwa, tunazitazama kucha zake tukasema: si mnaona?

Wapo watakaoniambia kwamba mji wenye majeraha kama wetu hauna nafasi ya mazungumzo haya. Mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu Aprili 2020. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, maelfu walikimbilia Burundi kwa kuvuka Ruzizi, wengine wakiwa na kile walichovaa tu. Nani azungumze kuhusu kusuka? Nami nawajibu kwamba kambini ndiko wanawake wanakosukana kuliko popote, uani kwa uani, bila kulipana hata faranga, kwa sababu kichwa kilichosukwa ni kitu cha kwanza ambacho mkimbizi anaweza kujirudishia mwenyewe. Na sataranji nayo imekwisha kuingia huko: mwaka 2021 FIDE na shirika la wakimbizi UNHCR walianzisha mradi wa kuifundisha katika kambi ya Kakuma, Kenya, ambako wamo Wakongomani, na wasichana walipewa nafasi ya pekee. Vitu hivyo viwili havigombanii mahali.

Imebaki hoja moja ambayo siidharau, kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni wazazi wenye hofu ya kweli. Wanasema binti akijipamba na kwenda mahali penye wanaume wengi, atasumbuliwa. Kusumbuliwa kupo. Agosti 2023 wachezaji wanawake wa Ufaransa walitoa barua ya wazi kuhusu udhalilishaji katika mchezo huu, na wengi wa nchi nyingine wakaitia saini. Lakini Kivu Kusini, jimbo letu, ndiyo sehemu ya mwisho duniani inayopaswa kuamini kwamba nguo ndiyo sababu. Daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018, amewatibu katika hospitali ya Panzi watoto wachanga na bibi vizee waliobakwa. Walikuwa wamevaa nini? Mzazi mwenye hofu anayo haki ya kudai mwalimu anayejulikana, chumba chenye mlango wazi, mwanamke mzima awepo, na mchezo uishe kabla ya giza. Hayo ni madai ya kweli na nayaunga mkono yote. Kumwambia binti avue hereni ni kumpa yeye kazi ya kumlinda mhalifu.

Wala sitaki nieleweke kwamba nataka kila msichana ang'ae. Kuna mabinti hapa, wa Kiislamu na wa Kiprotestanti, wanaopenda kujistiri, na ninawatetea kwa nguvu zilezile. Mashindano ya dunia ya wanawake yalipopelekwa Tehran mwaka 2017 na wote wakalazimika kujifunika, Nazí Paikidze wa Marekani alikataa kwenda, na alikuwa na haki. Desemba 2022 Sara Khadem wa Irani alicheza Almaty bila hijabu, ikambidi ahamie Uhispania. Binti wa Uvira anayetaka kucheza na hijabu yake, na jirani yake mwenye meshi za rangi ya divai, wana kesi moja: kichwa ni chake, ndani na nje.

Basi mkuu wa shule anayetaka timu ya wasichana, na najua wapo wanaotaka, aanze na mambo yanayohesabika. Ubao unachorwa kwenye boksi la katoni, na kete zinachongwa au zinaandikwa kwa kalamu juu ya vifuniko vilevile vya dama. Saa ya mazoezi iwekwe ndani ya ratiba ya shule, kabla ya saa sita, isiwekwe baada ya masomo ambapo bidoni inamngoja binti nyumbani. Mzazi aambiwe siku na saa. Mwalimu aulize kuhusu tamthilia bila kuona haya, aonyeshe mchezo wa Divya Batumi na wa Judit dhidi ya Kasparov, na kanuni za kichwa na kucha ziachwe nje ya mlango wa chumba hicho. Nafasi katika timu zipangwe kwa matokeo, yabandikwe ukutani kila Ijumaa mbele ya wote, na msichana aliyemfunga wa ubao wa kwanza akae ubao wa kwanza, kama alivyovaa.